Mashine ya Mkwe Wangu Inazima Kwenye Kamba ya Nguo

Mshauri wangu mpendwa, nimeona nikuandikie kabla sijapiga teke kitu ambacho si changu, maana safu yako naisoma kila wiki pale kibandani kwangu, na wateja wangu nao wanaisoma wakiwa na povu mashavuni, na wote tunakubaliana kwamba wewe humpendelei mtu, kwa hiyo naomba unipe haki yangu.

Mimi ni kinyozi, huu ni mwaka wa kumi na sita, kwa hiyo mashine si kitu kigeni kwangu, nazifungua, nazipaka mafuta, nazifunga, na hakuna mteja aliyewahi kuondoka na nusu kichwa. Nalisema hilo mapema ili ujue unaongea na mtu wa mashine.

Miezi miwili iliyopita baba mkwe wangu, ambaye alikuwa mtunza bustani wa shule kwa miaka thelathini na sasa amestaafu, alitupa mashine yake ya kukata nyasi, ile ya kusukuma, ya magurudumu manne, yenye kainjini ka petroli ka kuvuta kwa kamba, akasema magoti yake hayamruhusu tena. Siku ya kuikabidhi aliifuta kwa kitambaa kama anamfuta mtoto uso, akamwambia mke wangu, "Mwanangu, itunzeni hii, nayo itawatunza," na mimi nikaipokea kwa mikono miwili, nikaikatia nyasi yote ya mbele ya nyumba bila kusimama hata mara moja, yeye ameketi kwenye kiti karibu na mlango anaangalia na kutabasamu. Sasa nadhani siku ile mashine ilimwonea tu haya mwenyewe ikajikaza.

Wiki hiyohiyo jirani aliibiwa toroli. Nikasema mimi sitaibiwa kizembe, nikaiingiza mashine chumbani, kati ya kitanda na kabati, na hapo mke wangu, ambaye pua yake ni kali kuliko ya paka, akaketi kitandani akasema, "Mume wangu, mimi niliolewa na kinyozi, sikuolewa na kituo cha mafuta." Nikaikagua mashine kila mahali, nikagundua kwenye mfuniko wa tangi kuna tundu dogo kama la sindano, bila shaka walisahau kuliziba kiwandani, nikaliziba vizuri kwa nta ya mshumaa, juu yake nikapaka gundi, nikasubiri ikauke. Harufu ikapungua na mke wangu akalala. Hilo nalitaja tu ili uone jinsi ninavyoitunza mali ya watu.

Basi Jumamosi iliyofuata nikaitoa nje, nikavuta kamba mara moja ikawaka, nikaanza kusukuma kutoka ukutani, ikaenda vizuri kabisa, nilipofika kwenye kamba ya kuanikia nguo ikakohoa mara mbili ikazima. Nikavuta kamba mpaka bega likaniuma, wapi! Nikafungua mfuniko kuangalia petroli, tangi likatoa sauti, fyuu, kama mtu aliyechoka, na petroli imo tele, nikafunga, nikavuta, ikawaka, nikasukuma mpaka karibu na bomba la maji, ikakohoa, ikazima. Imekuwa hivyo tangu siku ile. Uwanja wangu unafanana na kichwa cha mteja aliyekimbia kiti katikati ya kazi, na watu wanapita wanaona, na mteja wangu wa miaka mingi alikaa kwenye kiti changu akaniuliza mbele ya watu, "Fundi, na mimi utaniachia kwenye kamba ya nguo?"

Usidhani nilikaa bure. Nilibadilisha plagi. Nililitoa chujio la hewa nikalikung'uta, nikalipuliza kwa mashine ya kukaushia nywele. Jirani yangu dereva wa lori akasema petroli ina maji, nikaimwaga nikaweka nyingine. Akasema ni kabureta, nikaifungua kabureta juu ya taulo safi la kibandani, nikaisafisha kila kitundu, nikaifunga, nikaifungua tena, nikaifunga tena, ikabaki skrubu moja ambayo naamini ilikuwa ya akiba. Ikawaka vizuri! Ikazima kwenye kamba ya nguo.

Hapo nikaona mambo yamefika kwa mwenyewe, nikampigia simu baba mkwe. Nikamwamkia, nikasema, "Baba, ile mashine haidumu, inawaka kidogo inazima."

Akaniuliza, "Mfuniko wa tangi uko vipi?"

Mshauri, mimi namweleza habari za injini, yeye ananiuliza habari za mfuniko! Nikamjibu kwa adabu, "Baba, mfuniko uko mahali pake, umefungwa vizuri sana." Akasema, "Hebu uangalie tena, mwanangu." Nikaona hapa nachezewa shere. Mtu akiulizwa la mashine akajibu la mfuniko, ana jambo analificha. Nilipokata simu nikamwambia mke wangu ukweli kama nilivyouona, kwamba baba yake alijua mashine imechoka ndiyo maana akatusukumia sisi, na sasa anazungukazunguka.

Mke wangu akampigia baba yake palepale. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nikamsikia anasema, "Baba, kama ni mbovu ungeitupa jalalani, kuliko kuja kutudhalilisha mbele ya majirani." Sikumtuma aseme hivyo. Mzee akamjibu, "Sawa, mwanangu," akakata.

Mzee alikuwa anakuja kwetu kila Jumapili, anakaa mlangoni na gazeti lake mpaka jua lipoe. Sasa ni Jumapili ya tatu hajaja. Mke wangu anatoa kile kiti asubuhi, jioni anakirudisha ndani, hasemi neno, na mimi nikisema neno ananijibu "ndiyo" au "hapana" kama mtu anayejaza fomu. Nyumba imekuwa baridi na nyasi zinaendelea kuota.

Swali langu ni dogo. Nitumie njia gani ya heshima kumfanya baba mkwe akiri kwamba mashine ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ili yaishe na tusameheane?

Ni mimi,
Kinyozi Mwenye Haki

JIBU LA MSHAURI

Mwanangu kinyozi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia, na mara ya pili nilipofika kwenye kile kiti kinachotolewa asubuhi na kurudishwa jioni, sikucheka tena.

Tuanze na mashine, kwa sababu wewe masikio yako yako huko. Mimi si fundi. Ila kabla sijapewa safu hii niliuza miche ya mboga na maua kwa miaka kumi na miwili, na miche yangu ilikunywa maji kwa pampu ndogo ya petroli, kwa hiyo vikohozi vya viinjini navijua kuliko vya wanangu. Lile tundu halikusahauliwa kiwandani. Liliwekwa! Umewahi kutoboa kopo la maziwa tundu moja tu? Maziwa yanatoka kidogo, yanagoma, mpaka utoboe tundu la pili hewa iingie. Tangi lako ni hivyohivyo. Petroli inashuka, hewa haina pa kuingilia, mwishowe petroli nayo inagoma na injini inakufa njaa tangi likiwa limejaa. Unapofungua mfuniko, hiyo "fyuu" unayoisikia ni hewa inayoingia mbio. Ndiyo maana ikawaka tena. Tangi limekueleza ugonjwa wake kila Jumamosi, na wewe ukalifunga mdomo.

Halafu eti mshumaa! Mshumaa unaowaka, na mfuniko wa tangi la petroli, chumbani, kando ya kitanda alicholala mke wako. Kama mfuniko ulikuwa bado juu ya tangi ulipodondosha ile nta, usiniandikie kunieleza, moyo wangu ni wa mtu mzima. Leo hii, kabla hujamaliza kusoma gazeti hili, itoe mashine chumbani. Nunua mnyororo na kufuli uifunge nje kwenye nguzo, penye kivuli, mbali na jiko. Mwizi akiichukua utalia siku mbili. Petroli ikishika moto chumbani, hutapata nafasi ya kulia. Pua ya mkeo uliyoisimanga ndiyo iliyokuwa na akili peke yake humo ndani.

Na ile skrubu si ya akiba. Itafute.

Sasa nakuja kwenye ubovu wenyewe. Mzee aliyeishi na ile mashine miaka mingi alikuuliza swali moja tu, kwa simu, bila kuiona, na swali lile ndilo lilikuwa dawa. "Mfuniko wa tangi uko vipi?" Ungeuangalia, ungekumbuka nta yako, na Jumapili ile mngekaa mlangoni mkicheka. Hukuuangalia. Tena alikuomba mara ya pili, kwa upole, akakuita mwanangu. Ukaona ukiongozwa na mtunza bustani utapungukiwa, wewe mtu wa mashine, kwa hiyo ukachukua jibu lake ukaligeuza kuwa hila, ukampelekea mkeo. Unasema hukumtuma aseme vile. Ulimpa maneno, ukasimama pembeni ukasikiliza yanavyofika. Kutuma ni nini kingine?

Mzee naye angeweza kujitetea. Angeweza kusema, "Mumeo ameziba tundu," kwa sababu nina hakika alishajua. Alisema "Sawa, mwanangu," akameza, ili binti yake asije akamdharau mume. Amekulinda wewe, na wewe unaniuliza njia ya heshima ya kumfanya akiri. Akiri nini? Kwamba alikupa kitu chake cha pekee?

Sasa nisikilize vizuri, na usiongeze ufundi wako kwenye maagizo yangu.

Usiitengeneze mashine. Najua mkono unakuwasha kushika sindano uutoboe ule mfuniko sasa hivi. Acha. Ukiitengeneza kwanza itanguruma, majirani watakupigia makofi, mkeo atatabasamu, na wewe utasema "nimeitengeneza," na uongo wako utapata miguu ya kutembelea miaka yote. Nakufahamu, ingawa hatujaonana.

Mwambie mkeo leo hiihii, mkiwa mmekaa, si wakati yeye anafua na wewe uko mlangoni tayari kukimbia. Mwambie hivi, "Tundu niliziba mimi. Baba aliniuliza, nikamdanganya, na wewe nikakudanganya." Usiseme "inawezekana." Usiseme "kumbe hata kiwanda." Atakasirika, na ana haki, kwa sababu umemfanya amtukane baba yake kwa kosa lisilo lake. Mwache akasirike mpaka amalize. Ikikulazimu kulala sebuleni, lala, sebuleni kwako hakuna petroli.

Jumapili usingoje mzee aje. Nendeni nyinyi, asubuhi, nyote wawili, mkiwa na mashine. Nta yako na gundi yako ziwe bado palepale kwenye mfuniko. Mpe mfuniko mkononi, mwambie, "Baba, haya ni mambo yangu." Kisha mwache autoboe mwenyewe, kwa mkono wake, kwa muda wake, na akitaka kukueleza kila sehemu ya ile mashine tangu plagi mpaka gurudumu, simama usikilize kama hujawahi kushika mashine maishani, kwa sababu ile hujawahi kuishika. Akicheka, cheka naye. Asipocheka, vumilia.

Na mkeo akifika mbele ya baba yake akashindwa kusema, akaanza kulia, wewe kaa kimya kabisa. Usimkatize kwa habari za kabureta.