Bangili Inamngoja Mama

Elisabethville

Ilunga mdogo wangu,

Pole kwa kumuuguza mama. "Mkasai hana faida kwetu," ulisema nikiondoka. Uongo! Bangili ya shaba iliyompotea mama tukikimbia vita, aliyeifua ni Mkasai. Nimemkuta katika kambi ya wakimbizi wa Kasai, chini ya turubai linalovuja. Amekwisha kufua nyingine, ila bangili hufungwa kwa nyundo mkononi mwa mwenyewe.

"Mama hainuki tena kitandani," nikamwambia.

"Basi miye nitakuya, papa. Lakini ku bariere ya Mokambo bandugu yako batabakia na kichwa yangu." Alicheka, mimi nililia.

Msalimie mama, anayetaka kuzikwa na bangili yake. Na wewe na wenzako mnaolinda kizuizi cha Mokambo: mwacheni fundi apite.

Kaka yako