Jina la Octave Kimya

Likasi, Shituru
22 Oktoba 1995

Kwako yaya yangu mpenzi Mado, dada yangu mkubwa,

Ninakusalimia kwa upendo mwingi, wewe na shemeji na watoto wote wa hapo Kolwezi. Mgongo unaendeleaje? Na mimba hiyo, bado inakunyima usingizi? Sisi tungali hai. Mume wangu Kabamba anakwenda kiwandani kila asubuhi, ingawa mashine nyingi zimenyamaza na mshahara tumeshausahau. Mama mkwe amepona malaria, ila miguu bado inamsumbua.

Ramazani dereva alinifikishia maneno yako, kwamba ukizaa mwanaume utamwita Octave Kimya kama mtoto wangu, kwa kuwa hujapata kusikia jina zuri kama lile. Yaya, nakuomba usimwite hivyo. Soma kwanza yaliyotupata.

Unajua jinsi jina lile lilivyotupendeza sote. Yule mtangazaji alikuwa akisoma matangazo ya vifo redioni, kisha anatulia kidogo na kusema, “Aliyewasomea ni Octave Kimya.” Wanawake sokoni walilirudia kama watu wanaoonja sukari. Vijana waliliandika kwenye kuta. Mwaka ule watu wa Kasai walipofukuzwa, wakawa wakilala gare, kwenye kituo, wakingojea treni ya kwao, nami nina mimba, hofu ilinitoka kila nilipolisikia. Nilijiambia kwamba mwenye jina kama lile hapatwi na kitu. Mama mkwe peke yake alikataa tumpe mtoto jina lile. Aliniuliza, “Uyu muntu, mama yake ni nani? Jina yake ilitoka wapi?” Nilicheka, nikamjibu kwamba lilitoka redioni.

Mtoto alizaliwa bila kulia. Alikua, akatembea, lakini hakusema neno. Kwenye dispensari walimpima masikio, wakasema anasikia vizuri. Kitandani hakulala. Nilimweka, naye alishuka na kuingia chini ya kitanda, akajikunja magoti kifuani, mkono mmoja juu ya kichwa kama mtu anayezuia kitu kisimwangukie. Mchana alitafuta shimo. Nyuma ya nyumba kuna shimo tulilochimba udongo wa matofali. Alishuka humo na kukaa, akitutazama juu bila kupepesa macho. Nilipomtoa mikono yake ilikuwa baridi, hata jua likiwa kali namna gani. Gertrude, jirani yetu, alipenda kumwita jina lote kila alipopita. Mtoto aligeuka, lakini hakumtazama Gertrude. Alitazama chini, kwenye udongo.

Redio nayo ilinyamaza, kama vitu vingine vyote hapa mjini. Mwezi uliopita nilisimama kwenye mlango wa lupango, ua wetu, nikaita, “Octave Kimya, kuya kula!” Mwanaume mwembamba aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia ya makaa alisimama ghafla. Aliuliza ni nani niliyemwita, na mara ile ile niliitambua sauti yake. Ni ile ya matangazo ya vifo.

Nilifurahi, yaya. Nilimkaribisha, nikamwambia homonyme wake, mwenye jina kama lake, yuko nyuma ya nyumba. Alipomwona mtoto ndani ya shimo, furaha yangu ilikufa. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeletewa habari ya msiba. Aliniuliza mtoto analala namna gani. Nilipomweleza habari ya magoti na mkono juu ya kichwa, alikaa chini akalia.

“Minye siko Octave,” aliniambia. “Minye niko François. Octave ni kaka yangu.”

Alisimulia kwamba kaka yake alikuwa akichimba mawe ya kijani ya kuuza, kwenye shimo la zamani porini, upande wa Shinkolobwe. Udongo ulimfunika. Walichimba mpaka wakachoka, hawakumpata, wala hakuzikwa. François alipopata kazi redioni aliona jina zuri namna ile lisipotee chini ya ardhi, akalichukua. Mama yao alimkataza. Alimwambia kwamba kaka yake angali analihitaji.

Mama mkwe alisikiliza yote bila kunilaumu. Alisema tu kwamba jina lirudishwe kwa mwenyewe. Jumapili, baada ya misa, tulikwenda porini kwenye shimo lile lililomfunika Octave, mimi, Kabamba, mama mkwe na François, mtoto mgongoni mwangu. Ilikuwa mchana mweupe. Mama mkwe alimwaga maji kwenye ukingo wa shimo. François aliinama, akamwita kaka yake alichukue jina lake, kwa sauti ile ya redioni, “Octave Kimya, kaka yangu, twala jina yako.”

Shimo halikujibu. Aliyejibu alikuwa mgongoni mwangu.

“Niko,” alisema mtoto. Kisha akasema, “Tuende. Niko na baridi.”

Kabamba alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Sasa tunamwita Kalenga, jina la baba mzazi wa Kabamba. Analala kitandani, anakula, anaongea siku nzima kama watoto wengine, na shimo la matofali halitazami tena. Watu wanatupongeza. Lakini juzi François alileta makaa. Mtoto alimkimbilia, akamshika mkono, akaniambia kwa furaha, “Mama, mudogo yangu amekuya.” François alicheka, kisha akatafuta mahali pa kukaa.

Sijui, yaya, ni nani aliyebaki kule shimoni na ni nani niliyerudi naye. Nimejiuliza nikimwogesha, nikimlisha. Ananiita mama, nami ninaitika. Siwezi kufanya vingine.

Msalimie shemeji, wabusu watoto, na Mungu akupe uzazi mwepesi. Mama mkwe anakuombea. Ramazani akirudi, mwambie tu kwamba hatujambo.

Mimi mdogo wako akupendaye,
Élisabeth