Zaburi na Bunduki Kumi na Mbili

Jumapili, tarehe 9, mwezi wa Heshvani
Leo siku ya kumi na saba tangu mwanangu Eliav aitwe na jeshi mpakani. Orodha yangu ya wasomaji inakwenda sawa: nyumba thelathini, kila nyumba Zaburi tano, kitabu kizima kinaisha kabla jua halijazama. Usiku hatuzisomi, ndiyo desturi yetu. Niliweka nadhiri — kizima kila siku, mpaka arudi. Mdomo uliponza kichwa! Nimechoka.

Jumatatu, 10 Heshvani
Jeshi limeleta bunduki kumi na mbili za kulindia kijiji. Wanaume wamezizunguka kama bibi harusi kaletwa. Jirani yangu Zevulun, na kitambi chake, kapata moja. Akanipigia saluti.
"Dada Hemda, sasa lala! Tupo!"
Nikamkumbusha Zaburi ya ishirini iko kwenye fungu lake: wengine hutegemea magari ya vita, wengine farasi, sisi jina la Mungu wetu.
"Farasi sina, dada. Nina hii tu."

Jumatano, 12 Heshvani
Nyumba tisa zimejitoa. Jirani mwingine, Penina, kasema ana zamu ya ulinzi kwenye geti la kijiji, mumewe pia, na yeye ana mikono miwili tu. Mwingine kafuta jina kimyakimya. Zaburi arobaini na tano zimeniangukia. Nasoma nikimenya viazi. Sauti imekauka.
Aibu hii naiandika hapa tu: jana nililala fofofo, mara ya kwanza tangu Eliav aondoke. Si kwa sababu ya Zaburi. Nilikuwa nimemwona Zevulun getini.

Alhamisi, 13 Heshvani
Eliav hajapiga simu tangu juzi. Mchana huu helikopta tatu zimepita kuelekea mpakani. Zimebaki Zaburi thelathini na jua limeshashuka hadi paa la sinagogi. Napumzisha koo kidogo, ndiyo maana naandika.
Zevulun kaingia sasa hivi, bunduki begani. Naye kaziona helikopta.
"Zimebaki ngapi, dada?"
"Thelathini."
"Nipe nusu."
Nikamwambia hicho chombo akiache nje kwanza. Katazama mlango, kanitazama mimi.
"Nje nani atakiangalia?"
Nikamfungulia kitabu kwenye Zaburi zake kumi na tano.
Anasoma polepole mno, kidole kwenye mstari, bunduki mapajani. Hatutamaliza! Kiti nimemwekea mimi mwenyewe, pale mlangoni, uso wake ukielekea barabarani.