Ukuta wa Sukali

Jumamosi, jioni. Mvua imenyesha tangu mchana na sasa yamebaki matone tu kwenye mabati. Nina hasira, na nimeamua kuiandika kabla haijapoa.

Leo wamekuja kuupaka rangi ukuta wangu.

Hoteli yangu ni chumba kimoja kando ya barabara ya kwenda Mumias. Nauza chai na mandazi kwa wakataji miwa na madereva wa matrekta. Ukuta wa mbele uliandikwa na marehemu mume wangu, Makokha, aliyekuwa fundi wa mabango. Miwa ilipoanza kulipa vizuri, kila mtu huku alifungua kitu: kinyozi, bucha, duka la mbolea. Na kila aliyefungua alimwita Makokha amwandikie jina. Ulikuwa ukitoka hapa hadi kiwanda cha sukari, unasoma mkono wake njia nzima.

Kwangu alichora mkataji miwa anayekimbia, panga begani, kikombe cha chai mkononi, na chai haimwagiki. Chini yake akaandika kwa herufi kubwa nyeusi: CHAI NA SUKALI TELE.

Nilimwambia siku hiyo hiyo, rangi ikiwa mbichi, kwamba ni sukari. Alirudi nyuma kidogo, akaangalia, akasema, "Si ndivyo tunasemanga?" Kisha akaenda kuosha brashi.

Ndivyo tunavyosema, kweli. Wateja walicheka sana. "Mama Nekesa, niongezee hiyo kali!" Baadaye mzaha ukageuka jina. Siku hizi hata makanga wa matatu hupaza sauti, "Sukali! Wa Sukali mjitayarishe!" na watu wanashuka mlangoni kwangu.

Makokha alituacha mwaka jana. Kilikuwa kifua. Tangu hapo kampuni za simu na za sabuni zimepita zikiwapakia watu kuta zao bure, na majirani wamekubali. Siwalaumu, rangi mpya ni rangi mpya. Lakini mkono wa Makokha umefutika ukuta kwa ukuta.

Umebaki huu wangu.

Sasa kuna michezo mikubwa ya bara zima inayokuja nchini, na wiki ijayo mwenge wake utapita barabara yetu. Mdhamini mkuu ni kampuni ya soda. Wanataka njia yote ya mwenge iwe nyekundu, rangi yao, na jina la kitu kingine chochote lisionekane. Asubuhi alikuja msichana wao kutoka Nairobi, mpole, viatu vimejaa matope ya mvua ya jana. Alifuatana na naibu wa chifu na mafundi wawili wenye ndoo za rangi.

"Mama, hii ni bahati yako," alisema. "Tunakupakia bure. Wageni wa nchi nyingi watapita hapa na kamera. Hatuwezi kuwaonyesha neno lililokosewa."

Nikasema hapana. Sauti ilitoka ndogo, hawakusikia. Nikasema tena.

"Mama Nekesa, usituaibishe," naibu wa chifu akasema. "Hii ni kitu ya serikali."

"Na ni ukuta tu, Mama," msichana akaongeza.

Ukuta tu. Kwenye kisigino cha yule mkimbiaji kuna alama ya dole gumba. Makokha alikuwa anajaribu kama rangi imekauka. Kila asubuhi nikifungua mlango, huwa nainama na kuweka kidole changu hapo. Sikumwambia hilo. Nilisimama tu mbele ya ukuta na mwiko wangu mkononi.

Mafundi wakaweka ndoo chini. Msichana akatazama saa, akamgeukia Shiundu, anayeegesha boda boda yake hapa nje. "Samahani kaka, bado tuna kazi mahali mwenge utakapopumzika. Panaitwa Sukali. Ni mbali?"

Shiundu akacheka mpaka akashika usukani.

"Madam, umesimama juu yake! Pakeni hiyo rangi basi, halafu mkimpoteza mwenye mwenge msije kuniuliza njia!"

Wateja wote wakatoka na vikombe vyao kuja kucheka. Naibu wa chifu, ambaye ndiye aliyewapa watu wa soda jina hilo la mahali, alianza kukagua mawingu. Hata msichana alitabasamu. Lakini akasema amri si yake, na kwamba Jumatatu atarudi na mkubwa wake. Nikawapa wote chai. Waliongeza sukari wenyewe.

Naogopa, sitaficha. Sijazoea kubishana na watu, na Makokha ndiye aliyekuwa akinisemea. Huyo mkubwa huenda akaja na maneno makali, au na turubai la kuufunika ukuta.

Aje. Mwenge nitaupigia makofi, na wanamichezo wakiona kiu nitawapa chai. Lakini michezo ikiisha watarudi kwao, na mimi nitabaki na ukuta mwekundu unaotangaza soda kwenye hoteli ya chai. Walitaka jina linalojulikana barabara nzima. Lipo. Aliliandika mtu wa hapa, kwa namna tunavyozungumza.

Jioni hii nimetoa kopo la rangi la Makokha chini ya kitanda. Rangi nyeusi imeganda juu, lakini nilipotoboa kwa kijiti, chini bado ni maji. Brashi nimeiloweka kwenye mafuta ya taa.

Mvua imeila ile L. Mstari wake wa chini umepauka, na mtu akiwa mbali anaweza asiione vizuri. Kesho nikitoka kanisani nitapanda kwenye stuli niupake upya, mnene, mpaka usomeke kutoka upande wa pili wa barabara.

Mkono wangu hautakuwa kama wake. Lakini nitaandika L.