Rabi Amelijua Jina Lako, Mama

Mama, shikamoo yangu inatoka Johannesburg, mji ambao sasa naujua kuliko waliozaliwa humu.

Jana teksi yangu ilikodiwa na rabi, yaani shehe wa Kiyahudi, msomi anayezunguka dunia akikusanya vitabu vya dini vilivyochakaa ili vikazikwe makaburini. Ndiyo Mama, wanavizika, hawavitupi. Pale Troyeville, mtaa mmoja wa hapa mjini, mvua ya mawe inakuja, maboksi ya vitabu yako nje, na mzee hataki mtu ayaguse. "Hivi si viazi, ndugu yangu."

Boksi likampasukia mikononi, kitabu kikaanguka. Nikakiokota, nikakibusu, nikakigusisha kwenye paji la uso, kama tufanyavyo msahafu ukianguka. Mzee akanigeukia.

"Nani kakufundisha?"

"Mama yangu wa Tanga, kwa kandambili."

Akacheka mpaka akakohoa. "Wangu alitumia mwiko," akasema, akaniachia niyapakie maboksi yote kwenye teksi. Hakuna kitabu kilicholowa.

Tulipoagana akauliza jina lako. Akalitamka taratibu mpaka likamkaa ulimini: Mwanahawa. Atakuombea kila anakokwenda, na huyu mtu anakwenda kila mahali. Waringishie majirani, Mama, na hayo magoti yanayokuuma yapone.

Mwanao mpenzi,
Rashidi