Karibu Tena

Mama watoto,

Mimi mzima, ila situlii. Meli yetu ya abiria wameipaka nyeupe na kuichora misalaba myekundu. Sasa ni hospitali ya vita. Ukumbi nilimokuwa nikiandaa meza umejaa vitanda, nami nabeba majeruhi badala ya sahani. Lakini mdomo una mazoea: kila anayeruhusiwa kushuka namwambia, "Karibu tena." Wananitukana.

Mwezi uliopita mdogo wako alishuka, mkono umepona. Nikamwambia vilevile. Akacheka: "Shemeji, mdomo wako huo! Haya, nikirudi uniwekee meza ya dirishani."

Usimwambie mama bado. Leo mdogo wako amerudi, na hajafumbua macho. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mtu, nimemwomba ahame.

Mumeo, ambaye sasa anaaga wanaoshuka kwa kuinamisha kichwa tu.