Shimo Lililokataa Kujaa

Tunduma,
5 Juni 1951

Kwa Bwana Amoni, Karani wa Afya, Bomani.

Mpwa wangu mpendwa,

Pokea salamu zetu kwa heshima zote. Sisi tu wazima, isipokuwa goti langu la kushoto. Natumaini nawe u mzima. Dhumuni la barua hii ni kuomba msaada wako kuhusu shimo langu la taka.

Kama amri ilivyoagiza, nilichimba shimo la futi sita, nikalijengea na ukingo wa mawe. Jana Bwana Afya alilichungulia, akaandika: "Tupu. Mwenye nyumba hutupa taka porini." Atarudi Alhamisi, tarehe 21. Akilikuta tupu tena, tutaondolewa katika kiwanja hiki.

Amoni, sijatupa kitu porini. Majivu tunayatia ghalani, mahindi yasibunguliwe. Maganda huliwa na nguruwe. Makopo huchukuliwa na Efraimu, fundi wa vibatari, na chupa wanawake huzigombania kwa ajili ya mafuta. Nilipomwomba mkazamjomba wako Tumpe atupe chochote, alinijibu: "Baba Nesta, nitupe nini? Nikutupe wewe?"

Wako katika taabu,
Mjomba wako, Sadoki


Bomani,
11 Juni 1951

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa goti. Huku hatujambo, ila baridi inatukomesha.

Kitabu cha Bwana Afya mimi ndiye ninayekinakili, na hakina nafasi ya mtu asiye na taka. Basi tafuta taka, Mjomba. Waombe wenye maduka makopo yao matupu, uyamwage shimoni, yeye aje achungulie aende zake. Ila usimwambie mtu.

Nisalimie wote nyumbani.

Mpwa wako, Amoni


Tunduma,
22 Juni 1951

Mpwa wangu mpendwa,

Baada ya salamu, nakiri kupokea barua yako, nami niliitekeleza neno kwa neno. Niliandika maombi rasmi dukani, nikapewa magunia matatu ya makopo na chupa. Kuhusu kutomwambia mtu, makopo yenyewe yaliwaambia watu njia nzima.

Kabla sijamaliza kuyamwaga jana asubuhi, jirani yetu Leah alikuwa ukingoni na kikapu.

"Mzee, hizi chupa zenye vizibo unaziuzaje?"

Nilimfahamisha kwamba hizo ni taka.

"Taka gani ina kizibo?"

Nikashika fimbo nizilinde. Hapo jirani mwingine, Teresia, akapaza sauti: "Jamani, njoni mwone mtu anayelinda taka!" Wakaja, hata wa ng'ambo ya mpaka. Tumpe, niliyempa zamu ya upande wa pili, alishuka shimoni kujichagulia makopo ya kupimia unga.

Ndipo Bwana Afya akafika. Alikuta watu kumi na wanne shimoni, wawili wakivutana kwa debe moja.

"Bwana, tazama," nikamwambia, "shimo limejaa."

"Limejaa watu."

Akawaamuru watoke. Walitii, wakatoka na kila kitu. Alichungulia tena, akaandika: "Tupu. Aidha, anaendesha soko bila kibali."

Hivyo, mpwa wangu, kwa kosa la kwanza naondolewa kwa kukosa taka, na kwa la pili nashtakiwa kwa kuwa na taka nzuri kupita kiasi. Tumesimamisha kupaka nyumba udongo, maana hatujui itakuwa ya nani. Tafadhali mfikishie mkubwa wako barua hii, nijibiwe kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi: nilifukie shimo, au nikate leseni ya soko?

Naomba uamuzi.

Mjomba wako, Sadoki